Gunia mbele ya rejeta

SWALI: Mhariri, salaam. Mjomba wangu anatunza gari la Ford Model T la miaka ya 1920. Asubuhi za Juni na Julai hutundika gunia mbele ya rejeta kabla ya kuliwasha. Mafundi wa jirani humcheka kwamba ataunguza injini, nao humshauri aliache lingurume nusu saa mpaka lipate moto. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Mjomba wako yuko sahihi, ilimradi asilisahau gunia lake. Gari hilo halina thamostati, yaani kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, wala halina pampu ya maji. Maji huzunguka yenyewe, yaliyopata moto yakipanda kutoka kwenye injini hadi juu ya rejeta, na yaliyopoa yakirudi kwa chini, wakati feni inayovutwa na mkanda hupuliza muda wote injini inapozunguka, hata kama hakuna bado joto la kupunguza. Gunia huuzuia upepo huo. Wenye magari wa zamani katika nchi za baridi walifanya hivyohivyo kwa mablanketi na maboksi, na baadhi ya magari ya kifahari yaliwekewa milango midogo mbele ya rejeta kwa kazi hiyohiyo. Cadillac iliweka thamostati katika injini yake ya V8 iliyotoka mwaka 1914, lakini Model T haikupewa kifaa hicho hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 1927.

Ushauri wa nusu saa ndio wenye madhara. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, ndiyo maana tunavuta choki, yaani kizibo kinachopunguza hewa, ili petroli iingie kwa wingi. Sehemu isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuchanganyika na oili iliyo chini, na pistoni zikabaki zikisuguana na chuma kisicho na ulainisho wa kutosha. Injini isiyobebeshwa kazi huchelewa kupata moto. Mjomba aliwashe, aliache dakika moja au mbili, arudishe choki kidogo kidogo, kisha aliendeshe taratibu.

Atazame pia bomba linalopeleka hewa ya moto kutoka kwenye eksozi hadi kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Mara nyingi mafundi hulitupa kwa kudhani ni pambo, ingawa kwangu lina faida kuliko gunia, kwa kuwa huisaidia petroli kugeuka mvuke. Habari za kumwaga maji usiku na kujaza ya moto asubuhi ni za kwenye barafu, hapa hazihitajiki.

Hofu ya mafundi ina msingi mahali pamoja. Rejeta hiyo haishikilii presha, na Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo afunike nusu ya chini tu, na sehemu ya juu ya rejeta ikishapata moto mkononi alitoe gunia lote, hasa kabla ya kuanza kupanda kuelekea Ngaramtoni.