Jibu: Kukusanya funguo za seva kwa ssh-keyscan

Ndugu, umeuliza utakusanyaje funguo za umma za seva zako 12 (ufunguo ambao seva hujitambulisha nao unapoingia kwa ssh, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) ili skripti ya bekapu ya usiku isikwame ikisubiri mtu ajibu "yes" ssh inapouliza kama iamini seva ngeni. Andika majina ya seva kwenye faili, kila moja mstari wake, kisha tumia ssh-keyscan, amri inayoziomba seva funguo zao (ed25519 ni aina ya ufunguo):

ssh-keyscan -t ed25519 -f seva.txt > funguo.txt

Ila usiyamwage matokeo moja kwa moja kwenye known_hosts, faili ambamo ssh huhifadhi funguo za seva inazoziamini, nakusihi. Amri hii hupokea ufunguo wowote inaopewa, haimhoji aliyeutoa. Mtu akiwa amejipenyeza katikati ya njia, utamhifadhi yeye na kumwamini kila usiku. Kwanza piga ssh-keygen -lf funguo.txt uone alama za vidole (muhtasari mfupi wa kila ufunguo), zile zinazoanza na SHA256. Halafu ingia kila seva kwa konsoli ya mtoa huduma (dirisha la seva kwenye tovuti yake), si kwa ssh, upige:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Linganisha herufi kwa herufi, usiishie zile nne za mwanzo. Zikifanana, ndipo uongeze funguo hizo kwenye known_hosts.

Na siku ufunguo ukibadilika, usikimbilie kufuta mstari wa zamani. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, walibadilisha ufunguo wao wa RSA (aina nyingine ya ufunguo) Machi 2023, baada ya ule wa siri kuonekana hadharani, wakatangaza alama mpya. Tafuta tangazo kwanza.