Maswali Yenu: Jeshi la Nigeria, nani bosi wa nani?

SWALI: Ndugu mhariri, hongera kwa kazi. Mimi habari za Nigeria nazifuatilia sana, Oktoba 2025 nikasikia Rais Tinubu kamtoa mkuu wa majeshi Christopher Musa kamweka Olufemi Oluyede, haya nikasema sawa, Disemba huyo huyo Musa karudi ni waziri wa ulinzi. Hivi pale nani anamwamuru nani? Na kwa nini wakiteuliwa wapya tu majenerali kibao wanastaafu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu, juu kabisa ni rais, yeye ndo amiri jeshi mkuu na katiba yao ya 1999 inasema yeye ndo anaamua jeshi litumikeje. Waziri anashughulika na sera na bajeti ya wizara, vikosi havimo mkononi mwake, kwa hiyo Musa kurudi kama waziri hakumrudishii askari hata mmoja.

Utamu uko kwa mkuu wa majeshi. Sisi tumezoea mkuu wa majeshi akisema imekwisha, wale sheria yao ya majeshi inampa kusimamia na kuratibu tu, amri yenyewe juu ya askari wamepewa wakuu watatu walio chini yake, wa nchi kavu, wa majini na wa anga. Kwa hiyo jenerali wa nyota nne anakaa Abuja na cheo kikubwa kuliko wote, ila divisheni zote, kuanzia ile ya 1 ya Kaduna mpaka ya 7 ya Maiduguri inayopambana na Boko Haram, ziko chini ya mkuu wa jeshi la nchi kavu mwenye nyota tatu. Sheria inamruhusu rais kumkabidhi mkuu wa majeshi shughuli za operesheni, lakini ni mpaka rais aamue. Mi naona haikutokea kwa bahati mbaya, nchi iliyopinduliwa mara mbili mwaka 1966, ikaja 1975, 1983, 1985 na 1993, nani atataka bunduki zote ziwe kwa mtu mmoja? Hata uteuzi wa hao wakuu, mahakama ya Abuja ilishasema 2013 kwamba lazima Bunge liridhie kwanza.

Kustaafu sasa. Maafisa wengi wanapita chuo cha jeshi cha Kaduna na kozi zina namba, namba hiyo mtu anakaa nayo mpaka anaagwa. Mwaka 2023 Musa alipoteuliwa mkuu wa majeshi alikuwa wa kozi ya 38, na Lagbaja aliyepewa ukuu wa jeshi la nchi kavu kozi ya 39, basi waliowatangulia chuoni wakaanza kufungasha, manake mkubwa hawezi kumpigia saluti mdogo wake. Hasara yake iko wazi, wazoefu wanaondoka kwa mkupuo na vita bado inaendelea.

SWALI: Eti askari wa Nigeria walishawahi kulinda nchi yetu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni kweli. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, Nyerere ikabidi aombe Waingereza wawazime. Ilimuuma, akaiomba Afrika msaada, na Nigeria ikaleta batalioni yake ikashika nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya linaundwa. JWTZ ikaanzishwa rasmi 1 Septemba mwaka huo huo.