Jibu: Anza na Double Indemnity

Ndugu, umeuliza kama mtu anaweza kutazama filamu za noir za Marekani, zile za uhalifu zenye giza na vivuli, mwezi mzima bila kuchoka, na aanzie wapi. Mimi nimemaliza mwezi wangu juzi.

Anza na Double Indemnity ya mwongozaji Billy Wilder (1944). Wakala wa bima anamuua mteja akitamani pesa za bima na mke wa marehemu, na mwanzoni kabisa anakiri mwenyewe kwamba vyote viwili alivikosa. Mwisho unaujua tayari, lakini roho inabaki juu! Angalia jinsi mwanga unavyopenya kwenye pazia la vibao na kuwachora watu mistari, kama wako nyuma ya nondo za jela.

Out of the Past (1947) niliirudia kwa sababu ya mwigizaji wake Robert Mitchum tu. Anaongea kama katoka usingizini sasa hivi. Detour (1945) ni fupi, bajeti yake unaiona kabisa kuwa ya kuungaunga, ila siku mbili nzima haikunitoka kichwani. The Big Sleep usipoielewa, usijilaumu.

Halafu usitazame mbili usiku mmoja. Kofia zile na sigara zile, utawachanganya wauaji.