Kwa nini «halvtreds» ni hamsini na si thelathini?

Swali: Ninaishi Aarhus na ninajifunza Kidenmaki. Nimefundishwa kwamba *halv* ni nusu na *tres* ni sitini. Nusu ya sitini ni thelathini. Mbona *halvtreds* ni hamsini?

Jibu: Umelikata neno mahali pasipo kiungo. *Halvtreds* ni kifupisho cha *halvtredsindstyve*, neno ambatani lenye sehemu tatu. Ya kwanza ni *halvtredje*, yaani «nusu ya tatu»: viwili ni vizima na cha tatu ni nusu, hivyo jumla yake ni mbili na nusu. Ya pili ni *sinde*, neno la kale lenye maana ya «mara», ambalo leo limesalia ndani ya maneno kama *nogensinde*, «wakati wowote». Ya tatu ni *tyve*, ishirini. Mbili na nusu mara ishirini ni hamsini.

Namna hiyo ya kuitaja nusu kwa namba inayofuata ingali hai: *halvanden* ni moja na nusu, na saa ambayo Wadenmaki huiita *halv tre* ndiyo saa nane na nusu yetu.

*Tres* nayo imefupishwa kutoka *tresindstyve*, tatu mara ishirini. Maneno haya mawili yamefanana kwa sababu yote yamekatwa mkia uleule. Herufi *d* katika *halvtreds*, ambayo haitamkwi, ni mabaki ya *tredje*. Kwa utaratibu huohuo *halvfjerds* ni sabini, *firs* ni themanini, na *halvfems* ni tisini.

Jihadhari, hata hivyo, na *fyrre*, arubaini, ambayo kirefu chake ni *fyrretyve*. Ukiisoma kama nne mara ishirini utapata themanini, na hapo hata wanafunzi hodari huteleza. *Tyve* ya hapa inatokana na neno la kale lililomaanisha «makumi», kwa hiyo ni makumi manne tu. Hesabu ya ishirini-ishirini huanzia hamsini. Wanorwe na Waswidi, ndugu wa karibu kabisa kilugha, husema *femti* na *femtio*, makumi matano, bila mzunguko wowote.

Ukitaka kuliona neno zima likitumika leo, tazama namba za mpangilio: «ya hamsini» bado huandikwa *halvtredsindstyvende*, kwani umbo fupi halipokei kiambishi hicho.