PCR ya FMR1 kutoa bendi moja tu

Umeuliza kama bendi moja tu kwenye PCR (kipimo cha kuzalisha kopi nyingi za kipande cha DNA) ya FMR1, jeni ya ugonjwa wa fragile X, kwenye sampuli ya mwanamke ina maana yuko sawa. Usiandike hivyo kwenye ripoti bado tafadhali! Inawezekana kopi zake mbili za jeni hii zina urefu uleule, lakini inawezekana pia kopi ndefu haijazalishwa kabisa, maana sehemu inayopimwa ni herufi za DNA CGG CGG CGG zinazojirudia mwanzo mwisho, G na C zinashikana kwa bondi 3 wakati A na T zina 2, DNA inajikunja yenyewe na polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) inakwama katikati. Ukiweka kemikali za kulegeza DNA kama DMSO asilimia 5 hivi au betaini ya mola 1 na kupandisha joto la kutenganisha nyuzi mpaka digrii 98 inasaidia kiasi, ila kopi yenye marudio zaidi ya 200 mara nyingi bado itakuponyoka.

Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye PCR yenye praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) inayojishikiza ndani ya marudio yenyewe. Ukiipitisha kwenye mashine ya kapilari inayopanga vipande vya DNA kwa urefu unaona vilele vidogo vidogo vimepangana kama ngazi, na kama ngazi inaendelea mbali kupita kopi fupi basi ujue kuna kopi iliyorefuka, hata kama kopi nzima haijatoka. Southern bloti (njia ya kupima urefu wa DNA bila PCR) ndo inathibitisha, inaonyesha na methailesheni pia (alama za kemikali zinazozima jeni), ila inakula DNA nyingi, maikrogramu kadhaa, na siku kadhaa, kwa hiyo usiimalize sampuli yote kwenye majaribio ya PCR