Kanda za mabegani hazibandikwi mwisho

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji, kijana fundi cherehani. Kapata oda yake ya kwanza kubwa: suruali za kazi kwa mafundi wa vigae, zenye mifuko ya pedi magotini na kanda za mabegani za kuvulika, zile tunazoziita saspenda. Kauliza maswali matano kuhusu mfuko wa goti. Kuhusu kanda kaandika mstari mmoja tu: "Hizo dada hazinipi shida, nimeshanunua za klipu, nitazibandika mwisho."

Nitazibandika mwisho. Niliusoma mstari huo nikaweka simu chini. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, mbele ya mteja, kifua mbele, na mteja huyo akaja kunikimbia.

Nitakujibu, mdogo wangu, na nitakujibu hadharani, maana najua mko wengi mnaotaka kutoka kwenye kupunguza suruali na kubadilisha zipu muingie kwenye nguo za kinga. Ni kazi ya heshima. Mtu anaingia kazini na mwili wake umekaa ndani ya ulichokishona wewe. Ndiyo maana sitaki upite njia niliyopita.

Oda yangu ya kwanza ilikuwa suruali 40 za mafundi wa vigae. Kitambaa tuili, poliesta 65 na pamba 35 kwa mia, gramu 300 kwa mita ya mraba, na nilikifua kabla ya kukikata ili kisinirudie baadaye. Mishono ya miguu niliipiga sindano tatu. Msambani niliweka kipande cha umbo la almasi ili mtu akichuchumaa mshono usiachie. Mifuko ya magoti niliikata kwa Cordura, kitambaa kigumu cha nailoni, mdomo ukitazama chini ili vumbi la saruji lisijae ndani. Nilimvalisha mmoja wao sampuli. Akasimama, akapiga goti, pedi ikatua juu ya pia ya goti kama imechorwa pale. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na furaha ambayo sijui kuieleza.

Wiki ya tatu zikarudi. Mteja aliziweka mezani kwangu, akaivuta moja, akaishika pedi kwa vidole viwili, akaniambia: "Hii yako inalinda ugoko. Goti linabaki sakafuni."

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda kukaa nao siku nzima. Yule niliyemvalisha sampuli alikuwa na mifuko mitupu. Kazini mifuko ina nyundo, futi ya chuma, kisu, penseli, simu na misumari. Mkanda wa kiunoni hauwezi kuubeba uzito ule kwa mtu anayeinama na kuinuka mchana kutwa. Akiukaza, tumbo linabanwa kila anapoinama, kwa hiyo anaulegeza. Akiulegeza, suruali inashuka. Kufika saa sita mchana ilikuwa imeshuka vidole vinne, na pedi imeshuka nayo. Tena mtu akipiga goti kwenye ukingo wa pedi ni vibaya kuliko kukosa pedi kabisa, kwa sababu goti linakaa upande.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba urefu wa pedi hauanzii gotini. Unaanzia kiunoni, na kiuno kinashikwa na mabega. Ukisoma EN 14404, kiwango cha Ulaya cha kinga ya magoti, utakuta pedi inayoingia kwenye mfuko wa suruali imewekwa kwenye aina ya 2, na mara moja utaona kwamba pedi ya namna hiyo haina maisha yake yenyewe. Suruali ikishuka, imeshuka nayo. Kwa hiyo kanda ni sehemu ya kinga kama pedi yenyewe. Wapasua miti wanalijua hili siku nyingi. Suruali zao za msumeno wa mnyororo zina matabaka ya nyuzi ndefu mbele ya mguu, na mnyororo ukizigusa unazivuta, zinajisokota kwenye gia na kuusimamisha. Kwenye EN ISO 11393, kiwango cha nguo hizo, daraja la 1 linapimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, daraja la 3 mita 28. Matabaka yale yana uzito, na yakiteremka yanaacha wazi mahali yalipowekewa. Ndiyo maana nyingi ya suruali hizo zinavaliwa na kanda.

Nami nikakimbilia kanda. Nikanunua za klipu, jozi 40, nikazigawa nikidhani nimelimaliza jambo.

Klipu inashika kwa meno na chemchemi, basi. Kiuno cha suruali nzito kina kunjo nne za kitambaa, na meno hayafiki ndani. Yakitiwa jasho na vumbi la saruji yanateleza. Mtu akiinama, mgongo unarefuka, klipu ya nyuma inafyatuka na kumpiga shingoni. Ile isiyofyatuka inatafuna. Nilizikagua zile suruali baadaye na kila kiuno kilikuwa na alama mbilimbili za vijino, nyuzi zimekatika, kama pamegugunwa na panya. Haya yote ningeyavumilia. Lakini siku moja kanda ilimfyatukia mmoja wao akiwa kwenye mashine ya kukatia vigae, ikaning'inia ubavuni, na ncha yake ikapita karibu na diski inayozunguka. Aliwahi kuzima. Hakuumia hata kidogo. Mimi nilipoelezwa, miguu iliniisha nguvu.

Mteja aliondoka na hakurudi. Kilichoniuma si kuondoka kwake, alikuwa na haki. Aliwaambia watu kwamba mimi ni fundi wa magauni, nirudi kwenye magauni. Miaka imepita na neno hilo bado lina ncha. Nimeshona magauni, ndiyo, na gauni ndilo lililonifundisha mkono. Sikushindwa kwa sababu ya magauni. Nilishindwa kwa sababu niliacha kiungo kikuu cha nguo kikawa kitu cha kununua dukani na kubandika mwisho.

Nikaanza upya, na safari hii nilianza pale kanda inapokutana na kiuno. Nilisoma habari za Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, ambaye wateja wake walikuwa wakichana mifuko. Hakubadilisha kitambaa. Alitazama mahali mchaniko unapoanzia, akapiga ribiti ya shaba hapo hapo, na tarehe 20 Mei 1873 yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wakapewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, nambari 139,121 ya Marekani. Suruali zile zilikuwa na vifungo vya kanda kiunoni, na vitanzi vya mkanda viliongezwa baadaye, mwaka 1922. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya hataza ya Davis, tarehe 19 Desemba 1871, Samuel Clemens, mwandishi wa Marekani ambaye wengi tunamjua kwa jina la Mark Twain, alikuwa amepewa hataza nambari 121,992 kwa ukanda wa nguo unaorekebishika na kuvulika. Na ukanda wake ulishikwa kwa vifungo. Watu hawa walikwishafika mahali nilipokuwa nahangaika na klipu.

Kifungo basi. Sita kwa jumla: viwili kila upande mbele, viwili nyuma. Ncha ya kanda iwe na ulimi wa ngozi au wa mkanda wa nailoni wenye miguu miwili na tundu mbili, ili kifungo kimoja kikikatika cha pili kishike mpaka mtu amalize kazi. Lakini kifungo peke yake si jibu. Mara ya kwanza nilivipiga juu ya kiuno kitupu, na baada ya mwezi vikang'oka na duara la kitambaa. Sasa nyuma ya kila jozi naweka kiraka cha tuili ileile, kunjo mbili, na nakishusha chini ya kiuno mpaka kiingie ndani ya mshono unaounganisha kiuno na suruali. Mvuto ukija haukutani na nyuzi tatu za kifungo, unagawanyika kwenye mshono mzima. Ukitumia vifungo vya chuma vya kugongelea, funika mgongo wake kwa kitambaa upande wa ndani. Kiwango cha ISO 13688, cha nguo za kinga kwa jumla, kinaweka mpaka wa nikeli inayotoka kwenye chuma kinachogusa ngozi kwa muda mrefu, mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na wewe huna maabara ya kulipima hilo. Kitambaa unacho.

Lastiki weka nyuma tu. Ikiwa kanda yote ni lastiki, mtu mwenye nyundo mfukoni anatembea suruali ikirukaruka, na tumerudi kwenye pedi inayohama. Mbele tumia mkanda usiovutika wenye bizimu ya kurekebishia, upana sentimita 4 hadi 5 ili bega lisikatike. Nyuma zipishane, zisishuke sambamba, maana zikishuka sambamba zinateleza begani mtu akiinua mkono. Na usikisie urefu. Pima kutoka kiunoni mbele, juu ya bega, hadi kiunoni nyuma, mtu akiwa amesimama, kisha akiwa amechuchumaa. Kwa mwili wangu tofauti ilifika sentimita 9. Hizo 9 ndizo lastiki inatakiwa izitoe bila kumvuta mtu mabega.

Halafu liko jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wateja walalamike. Suruali ya kanda zinazotoka ni suruali mbili katika kitambaa kimoja. Ikivaliwa na kanda, kiuno kinatakiwa kiwe kipana kuliko mwili, vidole viwili hivi, ili nguo ining'inie mabegani na tumbo lipumue. Kanda zikitoka, kiuno hicho hicho kinadondoka. Mimi naweka lastiki ndani ya kiuno ubavuni, kulia na kushoto, na vitanzi vya mkanda saba vilivyopishana na vifungo. Na nyuma nakata juu zaidi kuliko mbele, ili mtu akiinama mgongo usibaki wazi.

Kutoka, nako, kuwe kutoka kweli. Baada ya ile diski sitaki kuona kanda ya kushushwa ubavuni na kuachwa ikining'inia. Zikitoka, zitoke kwenye vifungo vyote sita, ziwekwe mbali. Na ziwe zinatoka kwa sababu: lastiki ikifuliwa kwa maji ya moto sana kila wiki inakufa mapema kuliko suruali, na mtu akivaa mkanda wa usalama wa kupandia juu hataki bizimu chini yake.

Ukipata oda ya wachomeleaji, simama kwanza. Huko kuna kiwango cha EN ISO 11611 kwa nguo za kuchomelea, na EN ISO 11612 kwa joto na moto, na nguo inapimwa pamoja na uzi na vifungo vyake. Lastiki ya kawaida na bizimu ya plastiki vinayeyuka. Ukichukua suruali iliyopimwa ukaiongezea kanda zako, umebadilisha nguo iliyopimwa. Vivyo hivyo nguo za kuonekana barabarani chini ya EN ISO 20471: kanda zipite chini ya fulana yenye utepe wa kuakisi, zisipite juu yake zikaufunika. Msicheze na haya, ndugu zangu. Gauni likikosewa, sherehe itapita. Hapa kuna ngozi ya mtu.

Na acheni kuficha sampuli mpaka iwe nzuri. Mficha uchi hazai. Mpe mtu avae siku nzima mifuko ikiwa imejaa vyuma vyake mwenyewe, umchoree alama ya chaki kwenye suruali usawa wa pia ya goti asubuhi, na jioni uitazame alama iko wapi. Kipimo hicho hakina gharama, na kama ningekifanya siku ile nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Mwezi uliopita mteja wangu wa sasa kaja na suruali moja aliyoivaa mwaka mzima. Kaja nayo ikiwa haijafuliwa, nami nikafurahi, maana nguo iliyofuliwa inaficha mambo. Magoti ya Cordura yamechakaa mpaka yamekuwa meupe. Mdomo wa mfuko wa nyundo umepasuka, hilo ni langu na nitalirekebisha. Nikageuza kiuno. Vifungo sita vyote vipo, uzi umekaza, kiraka hakijavutika hata kidogo, na pembeni ya tundu za ulimi ngozi imelainika na kushika umbo la kifungo. Kaagiza nyingine 60. Nilipombana aniambie lililomfanya arudi, akasema vijana wake hawazungumzii tena suruali, wanafanya kazi tu.

Sasa mdogo wangu, zile klipu zirudishe dukani kama bado zina karatasi yake. Kuhusu mfuko wa goti, ufanye mrefu kuliko pedi na uupigie mstari wa kukazia ili pedi ikae kwenye ngazi mbili, maana miguu ya watu haifanani. Lakini mstari huo usiupige bado. Nitumie kwanza kile kipimo, kiunoni mbele mpaka kiunoni nyuma kupitia begani, mtu akiwa amechuchumaa, na uniambie mifukoni alikuwa na nini ulipompima.