Maswali yenu: RSI imepita 70, mbona bei haishuki?

Wiki hii karibu barua zote zimehusu viashiria vya kasi ya bei, yaani hesabu ambazo programu huchora chini ya chati: RSI (Relative Strength Index, inayosoma 0 hadi 100), Stochastic, MACD na ndugu zao. Nimezifupisha, na zilizofanana nimeziunganisha.

Mwalimu, habari za kazi. RSI ya dhahabu ilipovuka 70 kwenye chati ya siku niliuza nikibashiri bei itashuka, kwa kuwa nilifundishwa kwamba hapo imenunuliwa kupita kiasi. Bei imeendelea kupanda na akaunti imebaki nusu. Nilikosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

Nzuri, na pole sana. Tuanze na hiyo 70 yenyewe, maana wengi wanaitumia bila kujua imetoka wapi. RSI ilitolewa na Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978, na vipindi 14 unavyovikuta kwenye programu ni vyake. Chukua siku 14. Jumlisha kiasi ambacho bei ilipanda katika siku za kupanda, tuseme dola 42. Kisha jumlisha kivyake kiasi ilichoshuka katika siku za kushuka, tuseme dola 18. Mwendo wote ni dola 60, na 42 ni asilimia 70 ya 60. Basi, RSI ni 70. Programu hulainisha wastani ili siku za nyuma zififie taratibu, ila kiini cha hesabu ni hicho.

Sasa angalia kisichokuwemo. Hamna popote palipoingizwa bei halali ya dhahabu, wala fedha waliyobaki nayo wanunuzi. Ni kama mshale wa spidi kwenye basi: unaonyesha linakimbiaje, hauonyeshi litashusha abiria kituo gani.

Mwaka 2022 dola dhidi ya yen iliwafundisha watu hili kwa fimbo. Mwanzoni mwa Machi dola moja ilikuwa yen 115 hivi. Kabla mwezi haujaisha ikagusa 125, na RSI ya siku ilikuwa imeshapita 70 mapema tu. Aliyeuza kwenye 120 kwa sababu hiyo hakuiona tena 120 mwaka ule. Tarehe 21 Oktoba dola ilikaribia yen 152. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa inapandisha riba huku ya Japani ikiishikilia yake chini ya sifuri, na fedha ikafuata riba. RSI ilichofanya ni kuripoti kwamba wanunuzi wana nguvu, nayo ilikuwa kweli.

Kwa hiyo soko likiwa na mwenendo wa kupanda, mimi siuzi kwa sababu ya 70. Nasubiri bei ipumzike, RSI irudi kwenye 40 hadi 50, nione kama wanunuzi wanarudi. Soko likiwa linacheza kati ya dari na sakafu, hapo ndipo 70, na 30 ya upande wa kuuzwa kupita kiasi, zinapofanya kazi yake vizuri.

Halafu tusemezane ukweli: nusu ya akaunti haikuliwa na RSI. Imeliwa na loti kubwa, yaani ukubwa wa biashara uliyofungua, na kukosa stop losi, agizo la kuifunga biashara hasara ikifika kiwango ulichopanga.

Nina RSI, Stochastic na MACD kwenye chati moja. Zote tatu zikikubaliana, si nina uhakika mara tatu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, una shahidi mmoja aliyebadilisha shati. Zote zinakula chakula kilekile: bei za nyuma za bidhaa ileile. Bei ikipanda kwa nguvu lazima zote zipande.

Tofauti zipo, lakini ni za namna ya kupima. Stochastic, iliyoenezwa na George Lane, inauliza bei imefungia wapi kati ya kilele na bonde la vipindi vilivyopita. Kilele kikiwa 2,400, bonde 2,300, na bei imefunga 2,380, jibu ni 80. Ndiyo maana inaruka upesi kuliko RSI: bei ikifunga kwenye kilele kipya inagonga 100 hata kama RSI ipo 60 tu. MACD ya Gerald Appel ni tofauti ya wastani wa vipindi 12 na wa 26, na haina dari wala sakafu, hivyo usilinganishe namba ya MACD ya dhahabu na ya euro.

Baki na kimoja unachokielewa. Nafasi ya pili mpe shahidi mwingine kweli: kiasi cha miamala, au chati ya kipindi kirefu zaidi.

Bei imeweka kilele kipya lakini RSI imeweka kilele cha chini. Ni lazima igeuke? (Msomaji, Mombasa)

Si lazima. Fikiria hesabu ya pale juu. Mlipuko wa kwanza ukiipeleka RSI hadi 85, maana yake kushuka kulikuwa asilimia 15 tu ya mwendo wote. Kupanda kwa kawaida, kwenye siku za kupumzika ndani yake, hakuwezi kuifikia tena namba hiyo hata kama wanunuzi hawajachoka. Tofauti hiyo inaweza kujirudia mara tatu au nne mfululizo na bei bado inapanda, na kila mara kuna mtu anauza.

Mimi huichukulia kama sababu ya kuacha kuongeza manunuzi. Kuuza nasubiri bei ivunje lile bonde lililo kati ya vilele viwili. Utachelewa kidogo, ndiyo.

RSI kwenye simu yangu inasoma 66, ya mwenzangu 71, chati ni ileile. (Msomaji, Kigoma)

Angalieni kwanza kama wote mko kwenye vipindi 14 na chati ya muda uleule. Kama ndivyo, tofauti huwa ni saa ambayo broka anafunga mshumaa wa siku (alama ya bei ya siku moja kwenye chati), urefu wa historia iliyopakuliwa, au namna programu inavyolainisha wastani. Anayenunua au kuuza kwa sababu ya 71 badala ya 66 ameshapotea njia.

Naweza kutumia RSI kwenye hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam? (Msomaji, Dodoma)

Kwa nyingi, usijisumbue. Hisa isiyouzwa siku kadhaa bei yake inabaki palepale: haikupanda, haikushuka. Siku muamala mdogo mmoja ukiiinua kwa shilingi 20, kupanda huko huwa karibu ndiko mwendo pekee uliopo kwenye hesabu, na RSI inaweza kuruka hadi karibu na 100. Ukiambiwa hapo imenunuliwa kupita kiasi, jiulize imenunuliwa na nani. Kwa kampuni za namna hiyo soma gawio na hesabu za mwaka.

Nikipunguza vipindi 14 vya RSI viwe 5 nitapata nafasi nyingi zaidi? (Msomaji, Arusha)

Utapata ishara nyingi zaidi, na spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, utailipa kwenye kila moja.